Plasta Juu ya Jicho la Kushoto

Ni nani aliyeirudisha plasta ile kwenye paji la uso la Bi Mwanahawa, akaibandika juu ya jicho la kushoto badala ya la kulia? Nimewauliza waliokuwepo, nimeyaandika majibu yao, nimeyasoma tena nikiwa peke yangu, na hadi leo ninapostaafu sina jibu. Ninaanza na swali hili kwa sababu ninyi mnaobaki katika kitengo cha macho mliniomba niandike kumbukumbu za kazi, na hii ndiyo iliyokataa kukaa kimya hadi zamu yake ifike. Nyingine nitazisimulia kwa mpangilio. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye jalada langu la utumishi, na huko havimsumbui mtu.

Nilifika Bagamoyo nikiwa na cheti cha uuguzi na viatu vyeupe ambavyo mchanga wa mji huu haukuviheshimu hata msimu mmoja. Nilikuwa binti wa bara, wa familia ya Kikristo, na sikujua kwamba huku humuulizi mtu shida yake kabla ya kumaliza salamu, na kwamba salamu zenyewe humalizika pale mgonjwa anapotaka, si pale muuguzi anapotaka. Kitengo cha macho cha hospitali yetu kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja alikaa daktari msaidizi wa macho, Dokta Hemedi, mtu mwembamba mwenye hasira ya kudumu dhidi ya uvivu. Upande wa pili nilikaa mimi na ubao wa E, ule ambao mgonjwa huonyesha kwa mkono herufi imeelekea wapi.

Siku ya kwanza nilimpima mzee mmoja muuza samaki wa kule sokoni. Alijibu haraka, mstari hadi mstari: kulia, juu, chini, kulia. Nikaandika kwamba anaona vizuri kabisa. Dokta Hemedi aliisoma kadi, akamtazama mzee ambaye mboni zake zilikuwa nyeupe kama maziwa, kisha akanitazama mimi.

"Sista, umempima macho au umempima kumbukumbu?"

Nilikuwa nimeutundika ubao ule mbele ya benchi la kusubiria. Mzee alikuwa amekaa pale saa nzima na mjukuu wake akimsomea herufi. Dokta Hemedi akainuka, akaugeuza ubao juu chini, akarudi kukaa.

"Haya, mzee wangu. Mstari wa kwanza."

"Sasa hapo mnanionea," mzee akasema.

"Shikamoo, lakini unaogopa kisu."

"Marahaba. Naogopa, ndiyo. Kwani wewe huogopi?"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Tangu siku ile sijawahi kutundika ubao mahali ambapo wanaosubiri wanaweza kuuona, na nikikuta mmeutundika huko nitarudi kutoka kwenye kustaafu kuja kuwagombeza.

Dokta Hemedi alinifundisha mambo mengi kwa njia ya kukataza. Alinikataza kumwambia mgonjwa "usijali", kwa sababu, alisema, neno hilo humtuliza anayelisema. Alinikataza kuandika kwa penseli. Na alinikataza kabisa kumuuliza mgonjwa, "Wewe ndiye Bi Asha?" Alisema watu wa hapa wana adabu, ukimuuliza hivyo mbele ya daktari, hata asiye Asha ataitika asikuvunje uso. "Muulize jina lake nani na amekuja kwa jicho lipi, kisha unyamaze mpaka ajibu." Nilidhani ni ukali wa mzee. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akinifundisha sheria bila kuitaja.

Zana zilibadilika mbele ya macho yangu. Tochi ya betri ikafuatiwa na darubini ya mezani ambayo mgonjwa huweka kidevu. Miwani minene ya waliotolewa mtoto wa jicho ikatoweka zilipokuja lenzi za kuweka ndani. Mimi mwenyewe nilichangia zana moja. Siku za kambi, wagonjwa wanapoletwa kwa makumi kutoka vijijini, tulikuwa tunachora alama kwa kalamu ya wino juu ya jicho litakalopasuliwa. Jasho la pwani likaifuta, pembe ya kanga ikaimalizia. Nikapendekeza plasta: kipande kifupi juu ya nyusi ya jicho linalohusika, kimeandikwa namba ya mgonjwa. Nilipongezwa kwenye kikao cha asubuhi, na ninakiri kwamba pongezi zile nilizifurahia kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili.

Ila sikuwa nimewafikiria wanaoswali. Anayetawadha lazima maji yafike kwenye ngozi, na plasta inazuia. Adhuhuri ya kambi ya kwanza nilikuta akina mama kwenye bomba la nyuma wameibandua, wengine wameibandika ukutani, mmoja kwenye ndoo. Sikuwagombeza. Nilikaa pale bombani na kadi zao, nikawabandikia upya mmoja mmoja. Kambi zilipokua, nikawaambia waibandike nyuma ya mkono wakati wa kutawadha, kisha wasaidiane kuirudisha. Nilidhani hiyo ni heshima. Na ilikuwa heshima kweli. Lakini ilikuwa pia njia ya kupunguza kazi yangu, na hayo mawili yalikaa pamoja kwa amani kiasi kwamba sikuyatenganisha.

Kabla ya Bi Mwanahawa niwaeleze kuhusu Fundi Salumu, mshonaji, kwa sababu bila yeye mtadhani kila jicho lisiloridhika ni kosa la mtu. Fundi alipasuliwa vizuri. Lenzi ilikaa sawa, kidonda kilipona, na siku ya marudio alisoma ubao hadi mstari wa mwisho. Baada ya wiki mbili alirudi amefura.

"Mmenifanya nini? Naona nazi iliyo juu ya mnazi wa jirani, lakini tundu la sindano silioni!"

Nikamweleza kwamba lenzi ya ndani hupimwa kwa ajili ya kuona mbali, na ya karibu husaidiwa na miwani.

"Mbali mimi nina shughuli gani? Kazi yangu iko hapa," akasema, akanyoosha kiganja mbele ya pua yake. "Mngeniuliza!"

Tulimpa miwani, akashona tena, na hadi leo hunisalimia kwa jina la Bi Mbali. Lakini alikuwa amesema neno zito. Upasuaji wake haukuwa na kosa, ila ridhaa yake ilikuwa na pengo: aliweka sahihi kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemfafanulia. Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Jicho linaweza kupotea mikononi mwa daktari hodari aliyefanya kila linalopasa. Uzembe ni pale mtu mwenye wajibu anapoacha kufanya ambalo mwenzake makini angelifanya, na mgonjwa akaumia kwa sababu hiyo. Kati ya mambo hayo mawili kuna kundi kubwa la akina Fundi Salumu, ambao hawadai chochote zaidi ya kuulizwa na kuelezwa.

Nilikwenda chuo kikuu nikiwa tayari mama wa watoto wawili, nikarudi na shahada, na adhabu ya kusoma ikawa kukabidhiwa dawati la malalamiko. Hapo nilijifunza njia ambazo mgonjwa anazo, nyingi kutoka kwa Wakili Neema, mwanamke wa makamo kama mimi mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini, aliyekuja mara kwa mara kufuatilia majalada ya wateja wake na hakuchoka kunirekebisha. Niziandike hapa kwa sababu wengi wenu hamzijui, na mgonjwa huwauliza ninyi kwanza.

Anaweza kulalamika kwa maandishi kwa mganga mfawidhi na kutaka majibu kwa maandishi. Anaweza kuomba nakala ya kumbukumbu za matibabu yake, na kuomba huko si uchokozi. Anaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza linalosimamia taaluma ya madaktari, au ya wauguzi, ambalo linaweza kumhoji mtu na hata kumzuia asifanye kazi. Huko haendi kutafuta fidia, anakwenda kutafuta uwajibikaji. Anaweza kukaa na hospitali kwenye usuluhishi, mradi asitie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Na anaweza kwenda mahakamani kudai fidia kwa uzembe, ambako atahitaji daktari mwingine wa kueleza kosa lilikuwa wapi, na huyo ndiye shahidi mgumu kumpata kuliko wote, kwa sababu madaktari hawapendi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzao; sisi wauguzi tunakula nao meza moja na tunajua. Muda una kikomo: madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na kama hospitali ni ya serikali, notisi ya siku tisini hutangulia. Yetu ni ya shirika, notisi hiyo haituhusu, ila miaka mitatu inatuhusu.

Bi Mwanahawa alikuwa msuka mikeka wa Mapinga. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho aliyekomaa. La kushoto lilikuwa limeanza ukungu, lakini lilimtosha kusuka ukili, kupanga rangi na kumtambua mtu mlangoni. Alikuja kambini kwa ajili ya la kulia. Fomu ya ridhaa iliandikwa la kulia. Plasta niliibandika mwenyewe, juu ya la kulia.

Adhuhuri alikwenda bombani na wenzake. Waliporudi, orodha ilikuwa ndefu na daktari mgeni aliyekuja kupasua kambini alikuwa na haraka ya kumaliza kabla jua halijazama. Bi Mwanahawa akalazwa mezani na plasta juu ya jicho la kushoto. Mtu anayekubandikia akiwa amekutazama uso kwa uso, kulia kwako kuko kushoto kwake. Mtoto wa shule analijua hilo, na sisi tuliosoma hatukuliwekea ulinzi. Fomu ilikuwa mezani, haikufunguliwa. Alipochomwa sindano ya ganzi alisema, "Mwanangu, si hilo." Msaidizi akamwambia, "Tulia, mama, utaharibu." Naye, kwa adabu ile ile aliyoitaja Dokta Hemedi, akatulia.

Siku ya tatu alirudi na maumivu, jicho limejaa usaha. Tulimpeleka Dar es Salaam. Jicho la kushoto halikuokolewa. Baadaye la kulia nalo lilipasuliwa huko, ikaonekana kwamba nyuma ya ule mtoto wa jicho kulikuwa na ugonjwa mwingine wa zamani. Sasa anaona mkono ukipunga mbele ya dirisha, basi.

Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Nilitaja bomba, plasta, fomu isiyofunguliwa, maneno ya mgonjwa mezani. Mkuu wa hospitali yetu aliisoma akiwa amesimama.

"Sista, hii ni ya ndani."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa tutamwendea."

Na kweli tulimwendea, kama inavyofanyika pwani: mkuu, mimi, sheikh wa msikiti wa jirani, sukari na doti ya kanga. Siidharau desturi hii. Nimeona familia zikipona kwa kuendewa nyumbani kuliko kwa barua yoyote. Ila inategemea unakwenda kusema nini. Mkuu alisema maambukizi ni jambo linalojulikana katika upasuaji wa macho, ambayo ni kweli. Bi Mwanahawa alisikiliza, kisha akageuza uso upande ambako sauti yangu ilikuwa imetokea wakati wa salamu.

"Mwanangu Sista, mie nilisema la kulia. Imekuwaje likapasuliwa hili?"

Swali lilikuwa langu peke yangu. Nikamjibu, "Bi, yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari huangalia, akaanza na linalofaa."

Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli. Nusu ya pili niliitunga pale pale, na ilinitoka kwa ulaini ulionishangaza.

"Basi," akasema. "Kama daktari ndiye aliyeona hivyo, nimesamehe. Namwachia Mungu." Sheikh akaomba dua. Binti yake, Zuhura, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakuinua mikono mara moja; alinitazama kwanza.

Jambo hilo halikunisumbua kila siku, nisije nikajipamba. Kulikuwa na wagonjwa wengine na kambi nyingine. Nilibadilisha utaratibu: plasta inarudishwa na muuguzi mwenye kadi mkononi, na mgonjwa hutaja jicho kwa mdomo wake kabla ya ganzi, kisu hakiguswi mpaka ataje. Nilijiambia kwamba kosa limezaa utaratibu mzuri, na kwamba hiyo ni namna ya kulipa. Lakini aliyelipwa hakuwa Bi Mwanahawa.

Nilipofikisha miaka hamsini na mitano niliomba kustaafu kwa hiari. Wiki ya mwisho nilikuwa nikimkabidhi dawati Rehema, ambaye ninyi mnamfahamu, na ambaye ana tabia ya kusoma kila alichokabidhiwa. Alisoma jalada la Bi Mwanahawa hadi mwisho, akaliweka mapajani.

"Sista, huyu mama aliambiwa?"

"Tulimwendea nyumbani."

"Najua, imeandikwa. Aliambiwa?"

"Aliambiwa."

"Aliambiwa nini?"

Nilimwambia nilichomwambia Bi Mwanahawa, neno kwa neno. Rehema hakunihukumu. Alifunga jalada, akauliza, "Sasa akija kuniuliza mimi, nimjibu hivyo hivyo?"

Siku hiyo hiyo mchana nilikwenda kwa Wakili Neema. Nilidhani naenda kuuliza habari ya mgonjwa. Nikajikuta nauliza habari yangu.

"Kwanza huyo mama," akasema. "Lini alipasuliwa?"

Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa vidole.

"Miezi mitano imebaki. Mitano, Sista! Alitia dole karatasi yoyote ya kuachilia madai?"

"Hapana. Alisema tu amesamehe."

"Kusamehe ni kwake na Mola wake. Mahakama haimnyang'anyi mtu haki kwa sababu ana moyo mzuri. Tena alisamehe akiwa amedanganywa."

Neno hilo lilinichoma kwa kuwa halikuwa na mapambo. Nikamwambia kuhusu bomba, na kwamba sijui nani aliibandika plasta vibaya. Huenda ni mgonjwa mwenzake, huenda ni yeye mwenyewe, na pengine kesi ingeishia kumlaumu bibi asiyejulikana.

"Hilo swali linakusumbua wewe, halinisumbui mimi," akasema. "Sheria haiulizi nani aliibandika. Inauliza nani alikuwa na wajibu wa kufungua fomu. Inauliza nani alimsikia akisema si hilo. Wagonjwa hawana wajibu wa kulinda meza ya upasuaji."

"Na aliyewaambia wabandikane?"

Akanitazama. "Huyo atatoa ushahidi. Na wakili wa upande wa pili atamkalisha kitini asubuhi nzima. Na baraza la wauguzi linaweza kumwita. Nisikufiche."

Nikamuuliza kama niende na nakala ya ripoti. Alinikatalia kabisa. Ripoti ni ya hospitali. Nikiichukua nitawapa hoja ya kunizungumzia mimi badala ya jicho. "Wewe nenda na mdomo wako. Faili la mgonjwa ataliomba mwenyewe, kwa barua. Ripoti, mahakama ikiitaka, italetwa."

Sikutaka kwenda kwa kunyatia. Nilimpigia simu mkuu wetu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi ile, nikamwambia kesho nakwenda Mapinga kumweleza Bi Mwanahawa ukweli.

"Sista, wewe unastaafu. Pumzika."

"Nitapumzika nikitoka Mapinga."

"Unajua wafadhili wakisikia neno kesi wanafanya nini? Kambi itafungwa. Utakuwa umempa haki mmoja, umewanyima macho mamia."

Sitawaficha: hilo lilinitikisa. Mimi ndiye niliyewapokea mamia hao. Najua mtu anavyoinuka siku ya kufunguliwa bandeji. Nilimjibu kwamba sijui kama kambi itafungwa, na yeye pia hajui. Ninachojua ni kwamba tumeiendesha kwa miaka hii kwa sababu watu wanatuamini tunapowaambia walale wasitikisike, na kwamba mtu mmoja anaendelea kutuamini kwa uongo wangu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya ukuu, "Basi waambie nami nilikuwepo." Sijui alimaanisha kunitisha au kujisalimisha. Nimeamua kumhesabia la pili.

Asubuhi nilifika Mapinga kabla jua halijakolea. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa barazani akipasua ukindu kwa kupapasa. Kusuka hawezi tena, lakini kumwandalia mwingine anaweza. Zuhura alikuwa akifagia.

"Hodi."

"Karibu. Nani huyo? Sista?"

"Ni mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sheikh tena?"

"Leo peke yangu."

Sikungoja kiti. Nilimweleza yote kwa mpangilio: jicho lililoandikwa kwenye fomu, maji ya udhu, utaratibu wa kusaidiana ambao niliuweka mimi, fomu ambayo haikufunguliwa, maneno yake mezani, na ripoti niliyoiandika ikabaki ofisini. Nilimwambia kwamba daktari hakuchagua jicho la kushoto, walikosea. Nikamwambia kwamba jibu nililompa siku ile nililitunga. Zuhura aliacha kufagia mapema sana katika maelezo yangu.

Bi Mwanahawa aliendelea kupasua ukindu hadi jani lililokuwa mkononi likaisha.

"Kwa hiyo siku ile unanijibu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Bi."

"Miaka yote hii ninawaambia watu, daktari aliona vyema kuanza na hili. Nawatetea." Akacheka kidogo, bila furaha. "Zuhura, unasikia? Mama yako wakili wa hospitali!"

"Nilikwambia, mama," Zuhura akasema. "Nilikwambia huyu aliangalia chini."

"Daktari nilimsamehe na sirudi nyuma," Bi Mwanahawa akasema. "Wewe sijakusamehe. Nitakufikiria. Sasa sema, mtu kama mimi anafanya nini?"

Nikamweleza njia zote, kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu: baraza, usuluhishi, mahakama, na kwamba katika zote nitasema nilichofanya na nilichoona. Nikamweleza miezi iliyobaki. Nikasema jambo la kwanza ni barua ya kuomba nakala ya faili lake, nikatoa kalamu.

"Rudisha hiyo," akasema. "Wewe ulishaandika ya kwako. Zuhura, chukua daftari la mtoto. Andika: mimi Mwanahawa wa Mapinga."

Barua ilikuwa ya mistari sita. Zuhura akamsomea mara mbili; mara ya pili mama akamfanya afute neno "naomba radhi kwa usumbufu", ambalo binti aliliweka kwa mazoea. Zuhura akaandika nakala ya pili, na Bi Mwanahawa akatia dole zote mbili. Nikaweka sahihi chini kama shahidi, na namba yangu ya simu. Kisha akavaa baibui, akasema twende sasa, kwani anaweza akafikiria mpaka mchana akajihurumia na kughairi.

Masijala ya hospitali ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Karani alinitambua, akatabasamu, akadhani nimekuja kwa mafao yangu. Nikasogea pembeni. Bi Mwanahawa akapapasa kaunta mpaka akapata ukingo wake, akaweka barua juu, na nakala yake kando.

"Mama anataka nini?" karani akauliza, akimtazama Zuhura.

"Niulize mimi," Bi Mwanahawa akasema. "Nataka faili langu."

"Mama, faili la hospitali lina maandishi ya kitaalamu. Utaweza kulisoma kweli?"

"Kusoma sikujaaliwa, na kuona mmeshaniondolea. Lakini ni langu. Piga muhuri, mwanangu, zote mbili."

Karani akanitazama. Sikumsaidia. Akavuta pedi ya wino, akaipiga muhuri barua, akaipiga na nakala, akaandika saa: mbili na dakika kumi asubuhi.